Namba Moja, Magari Mawili

Jumatatu, 12 Januari. Riyadh
Gereji ya Al-Shumaisi tena. Fundi Athumani, wa Tanga, anafunga breki za gari jekundu la Kitaliano, la mbio za miaka ya hamsini. Mwenye gari ni kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, tajiri anayekusanya magari ya zamani. Ijumaa ya wiki ijayo Athumani ataliendesha Jeddah, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, mbele ya watu. Miaka tisa anatengeneza magari ya mbio. Hajakimbiza hata moja.
"Dada, nikipita usipepese macho. Utanikosa."
Makala yangu ya Desemba gazetini ilisema gari hili lilishinda mbio za Sisilia. Niliamini namba iliyogongwa kwenye fremu.

Jumatano, 14 Januari
Mtunza nyaraka wa Italia niliyemwuliza kuhusu namba hiyo amejibu. Enzi hizo baadhi ya timu ndogo zilikuwa na hati za forodha za gari moja tu. Gari likivunjika, namba yake iligongwa kwenye jingine ili livuke mpaka. Kwa hiyo namba moja, magari mawili. Moja lilishinda. Jingine liligonga mti, dereva akafa, fremu ikaungwa chini ya kiti.
Ameambatisha picha ya dereva huyo, asubuhi ya ajali. Anamenya chungwa.
Nimeifunga. Bado namwona.

Alhamisi, 15 Januari
Nimempigia Athumani, nikamweleza. Gari limeshapakiwa kwenye lori.
"Waandishi mnapenda maiti, dada."
Nikamwomba akwangue rangi chini ya kiti, tuone kama fremu imeungwa. Kiti hakifunguliwi bila ruhusa ya baba, akasema; ndivyo anavyomwita kafili. Na baba akisikia, safari ya Jeddah halas, imekwisha.
Nimeogopa kumwendea kafili. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 18 Januari. Jeddah
Nimepanga chumba mtaa wa Al-Hindawiyah. Mchana Athumani alikaa ndani ya gari, akijaribu pedali. Viti vya magari yale vilishonwa kila kimoja kwa kipimo cha dereva wake. Hiki kilimkaa Athumani kama kanzu yake mwenyewe. Wenzake walimpigia makofi. Mimi nilitoka nje.

Jumanne, 20 Januari
Nimekwenda kwa kafili. Kosa langu, nikasema, si la fundi. Hakubisha. Akaagiza kiti kifunguliwe.
Athumani alikwangua mwenyewe. Chini ya rangi, kiungo cha kulehemu. Katikati yake ufa, ukucha unaingia.
"Halitembei," akasema kafili.
Athumani aliendelea kukwangua, ingawa hapakuwa na rangi tena.

Ijumaa, 23 Januari
Magari mengine yamekimbia. Jekundu limesimama nyuma ya kamba. Watu wanapiga nalo picha, wanacheka. Nimetuma sahihisho gazetini. Mistari minne. Jina la marehemu nimelitanguliza.
Alasiri Athumani alikuja kivulini nilipokaa. Ovaroli safi, haina hata tone la oili.
"Ningepita mara moja tu, dada."
Nikasema najua.
Tulikaa mpaka watu wakapungua. Sikumwambia kwamba ndani ya kila gari lililopita leo nilimwona yule dereva wa chungwa.