Nilinong'ona Kwenye Mkeka wa Mjukuu Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimelikoroga.

Mimi ni mwashi mstaafu, shule niliiacha darasa la nne tukiwa hatupendani, na mjukuu wangu wa kike anafundisha jiu jitsu ya Kibrazili, ile mieleka ya chini isiyo na ngumi, nikajiunga magoti yasigande, na mle ukumbini ananiita "mume wangu" watu wanacheka, lakini ufundishaji wake ni michezo mitupu, hakuonyeshi kitu, anasema tu mmoja alale chali azuie kwa miguu, mwingine ampite mpaka amkalie kifuani, njia mtaitafuta wenyewe, sasa mimi siwezi kuona mtu anahangaika na jibu ninalo, nilikuwa nimeona hatua nne kwenye video ya simu, nikawa nawanong'oneza wenzangu kule tunakovulia viatu, shika suruali, sukuma miguu kulia, zunguka kushoto, kaa, na kweli wakawa wanapita, wakaanza kuniita profesa, kichwa kikavimba.

Wiki iliyopita wakaja wageni wa ukumbi mwingine, wakaziba kushoto tu, basi, kikosi chetu kizima kikagonga ukuta uleule mmoja mmoja, mimi nikiwa wa tano. Mjukuu wangu akajua watu wamekaririshwa, akamgeukia binti anayefundisha naye, fundi cherehani, rafiki yake tangu utotoni, akamwambia, "Umewafundisha kinyume changu. Jumamosi usije." Yule binti akatoka analia, mimi nikakimbilia viatu vyangu nikainama kufunga kamba, na viatu vyangu, mshauri, havina kamba.

Niseme au ninyamaze?

Profesa wa Viatuni

Profesa,

Kwa magoti, pole. Kwa hayo mengine sikupi hata nusu ya pole. Umewaibia wenzako kuhangaika, na kuhangaika ndiko kulikokuwa somo lenyewe. Kisha mzee mzima unajificha nyuma ya kamba zisizokuwepo huku binti wa watu anabeba mzigo wako.

Leo hiihii nenda kwa fundi cherehani umwambie ni wewe. Jumamosi ingia naye ukumbini, simama mbele ya wote na useme, "Aliyenong'ona ni mimi." Ishie hapo. Habari za video usituletee.

Halafu mwombe mjukuu wako mchezo mmoja: kushoto marufuku mwezi mzima, na wa kulala chali uwe wewe. Wote uliowanong'oneza wakupite, kila mmoja kwa njia yake, nawe zuia kwa miguu, mdomo umefungwa. Siku hiyo atakuita "babu," tena kikavu. Meza. Rudi kesho yake ulale tena, na keshokutwa, mpaka siku fundi cherehani atakapokukalia kifuani na umsikie mwalimu akisema, "Hebu mwachie mume wangu apumue."