Nilisema Mama Amelala

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, umeme umekwenda, na simu hii imebaki na chaji kidogo. Naandika haraka kabla haijazima. Moyo hautulii.

Nimedanganya. Jumapili tatu mfululizo, na kila mara nimemdanganya mtu aliyebeba Ekaristi kifuani.

Ngoja nieleze vizuri. Mama yangu alipigwa na kiharusi miezi miwili iliyopita. Mkono na mguu wa kuume havina nguvu, na maneno yote yamempotea isipokuwa moja: Amina. Akitaka kugeuzwa, Amina. Akiumia, Amina. Kuku wa jirani akiingia chumbani, Amina ya hasira. Mwanzoni tulicheka wote wawili, yeye akicheka kwa nusu ya mdomo.

Koo nalo limelegea. Muuguzi alinionya: maji matupu hapana, kila kitu kiwe kizito, uji mzito, lituma ya ndizi iliyopondwa hadi ilainike. Siku moja ya joto kali nikamwonea huruma, nikampa vijiko viwili vya maji. Akapaliwa. Macho yalimtoka, midomo ikawa rangi ya majivu, nami nampiga mgongo huku nikiita watakatifu wote, hata wale nisiowajua vizuri. Alirudi. Lakini tangu siku ile mkono wangu unatetemeka nikishika kijiko.

Basi Papa Anselme, mzee anayewapelekea wagonjwa wa parokia yetu Komunyo baada ya misa ya kwanza, alipobisha hodi, niliiona kichwani ile hostia kavu ikimkwama mama kooni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama amelala." Jumapili iliyofuata: amelala. Jumapili iliyopita tena: amelala.

Na kutoka chumbani ikaja sauti: "AMINA!"

Papa Anselme alinitazama. "Eh! Iko anaota misa," akasema, akavaa kofia yake, akaondoka.

Tangu hapo sijamsikia mama. Hata Amina moja. Nikimlisha, anameza vijiko vitatu, anafunga mdomo, anageukia ukuta. Juzi viwili. Leo asubuhi kimoja. Mifupa ya mabega imeanza kujitokeza. Huyu ni mwanamke aliyekwenda misa ya alfajiri kwa miguu hata kwenye matope, aliyenifundisha kusali kabla sijajua kuvaa kiatu. Nimemfungia Bwana wake mlango, nikidhani namlinda.

Ni mtu gani anamficha mama yake Yesu ili asife?

Mimi.

Mchana nikamwomba jirani akae naye. Nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria; iliteleza mara mbili, nikafika na tope mpaka magotini. Papa Anselme ni mvuvi wa pale maporomokoni. Nilimkuta chini ya paa la majani, anakaza kamba za mtego wake, ule mkubwa unaoshushwa ndani ya maji yanayochemka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea.

"Papa, mama hakulala."

"Najua, Mama Odile," akanijibu. "Mutu mwenye kulala halalamike namna ile. Iko na sauti kupita kwaya yote."

"Sasa mbona hukusema kitu?"

"Nilingoja wewe useme." Akavuta kamba kwa meno. "Uliogopa atapaliwa?"

Nikalia. Nililia vibaya, kama mtoto, mbele ya wavuvi wengine. Mmoja akauliza kama ni msiba. Papa Anselme akamjibu, "Hapana, ni komunyo," na yule akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jibu la kawaida.

Akaniambia wagonjwa kama mama wako wengi. Anamega kipande kidogo kama punje ya mchele, na Bwana ni yuleyule, mzima. "Wengine nawapa na kijiko ya maji."

"Maji hapana!" Nilipiga kelele mpaka nikaona haya.

Hakukasirika. "Bon, sawa. Donc kesho wewe ndiye utaniambia. Mimi najua maporomoko. Koo ya mama unaijua wewe."

Nikapitia kwa muuguzi. Ameafiki: aketi wima, kidevu kishuke kidogo, kipande kilainishwe na uji mzito, nisimharakishe. Akasema pia kwamba hawezi kuniahidi kitu. Hilo neno ndilo nimerudi nalo nyumbani, zito kuliko mengine yote.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia mama kila kitu, uongo wa Jumapili zote tatu, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia Papa Anselme anakuja kesho, na mlango nitafungua. Akageuka kutoka ukutani, akanitazama. Nikaleta uji.

Alikula vijiko saba. Nilihesabu.

Bado naogopa. Nimesali, na bado naogopa. Sitamdanganya mtu mwingine tena wiki hii. Labda Mungu anaweza kutumia hata mkono unaotetemeka, maana kesho sina mwingine.

Nilipomfuta mdomo nilingoja aseme Amina. Hakusema. Alifumba macho tu, ametulia.

Nadhani anaiweka akiba, ya Komunyo ya kesho.