Mama Asiambiwe Habari ya Chumba

Netofa, Yuda
Mwezi wa Kislevu, mvua zimeanza

Mpendwa dada Shelomithi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Babeli. Hujambo? Magoti ya mama yanaendeleaje? Watoto wameacha kukohoa? Sisi tu wazima, ila mume wangu Hodavia amepondwa kidole na jiwe, nami nimekonda mpaka pete inanivuka.

Nyumba ya babu ipo, dada. Mtini upo, na mlango ni ule ule anaousimulia mama. Lakini ndani mna mtu. Ni mjane anaitwa Hogla, wa wale ambao hawakuchukuliwa mateka. Babu alipopelekwa Babeli, wazazi wa Hogla walipewa nyumba, na yeye amezeekea humo.

Tulipofika, tumejaa vumbi la njiani, Hodavia alimweleza kwa upole kwamba hii ni nyumba yetu. Akacheka.

"Yenu? Paa hili mmeliziba lini? Nyie mlikuwa mnakula samaki wa Babeli, sisi huku tunachemsha magugu!"

Basi tukajenga kibanda uani. Maji ya kisima nachota kwa ruhusa yake, naye akinisimamia kama mwizi. Wazee wa kijiji walisema wataamua baada ya mavuno. Mavuno yamepita, sasa wanasema tungoje watu wamalize kupanda.

Na Hodavia naye! Kila kukicha yuko Yerusalemu anabeba mawe ya nyumba ya Bwana. Nilimwambia, "Mungu anajengewa, mimi nalala na mbuzi." Akasema nisikufuru.

Juzi mvua iliangusha kibanda. Nikaugonga mlango kwa ngumi, nalia kwa hasira. Nikamwambia Hogla, "Mama yangu Yeriothi ametudanganya! Alisema mlango huu haujawahi kufungiwa mtu!"

Halafu akafungua kidogo. "Yeriothi yupi? Yule wa kung'ata kucha?"

Kumbe walicheza pamoja katika ua huu. Akaketi kizingitini akalia kama mtoto, nami nikadhani yamekwisha. Akafuta macho, akasema, "Yeye aje. Chumba cha mashariki ni chake, nitakifagia mwenyewe. Nyie siwajui."

Akatutupia ngozi za kondoo tujifunike, akafunga. Dada, nusura niutupie mlango jiwe.

Tangu jana Hodavia hajaenda Yerusalemu. Anatujengea chumba kando ya ukuta wa ua. Hogla yuko dirishani anapiga kelele, "Limepinda jiwe hilo, we fundi wa Hekalu!" Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kweli lilikuwa limepinda.

Sasa nisikilize. Mwambie mama kwamba Hogla yu hai na anamkumbuka. Habari ya chumba cha mashariki usimwambie kabisa. Unamjua, atafunga mzigo siku hiyo hiyo, na katika njia ile tulizika watu wenye nguvu kuliko yeye. Akiuliza tunalala wapi, sema tunalala nyumbani kwa babu. Ua nao ni wa babu.

Nisalimie shemeji Zakuri, na shangazi Tirza umbusu mikono. Bwana awalinde, awape usingizi mwema chini ya paa lisilovuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Abitali