Jicho la Upande wa Mrushaji

St. Louis, 9 Agosti 1911

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Soksi nimezipata, ahsante. Ndiyo, ni kweli, ligi nzima ya besiboli hakuna anayenizidi kwa kupiga mpira. Matus wako, aliyekuwa akipiga vipande vya makaa kwa mpini wa sururu!

Lakini kuna jambo nakwambia wewe tu. Mwezi uliopita mpira ulinipiga juu ya sikio. Nilizimia, na kesho yake nikacheza. Tangu hapo jicho la kushoto, lililo upande wa mrushaji anayenitupia mpira, lina ukungu. Mpira mmoja hutumika alasiri nzima, Mama. Wanautemea tumbaku na kuusugua udongo hadi unakuwa mweusi. Ikifika saa kumi na moja siuoni mpaka ushanifikia. Ninaogopa.

Mwanao,
Matus

Mahanoy City, 14 Agosti

Mwanangu Matus,

Marahaba. Sisi wazima, ila Juraj mpangaji wangu amekohoa wiki nzima, na bado anakula viazi vya watu wawili. Jicho likoje?

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mwambie mkuu wako akupumzishe. Baba yako naye alisikia dari ya mgodi ikilia, akanyamaza asionekane mwoga. Kesho yake nilimwosha maiti. Sifa hazikuoteshei jicho jingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Rudi nyumbani.

Mamako

Chicago, 21 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, ila kichwa kinagonga. Hamjambo huko?

Siwezi kumwambia Bwana Tolliver, mkuu wetu. Huku ukionekana kurudi nyuma mara moja tu, habari hutembea mji hadi mji, na kila mrushaji anakulenga kichwani. Kwa hiyo nimefanya kinyume. Nimesogea mbele, karibu na njia ya mpira, ili jicho zima lione. Jana Crandle, mrushaji wa timu ya hapa, akanipigia kelele, "We mla kabichi, umekuja kunibusu? Ngoja nikunyoe kwa mpira!"

Nikamjibu, "Nyoa basi, kama wembe wako si butu!"

Watu wakaangua kicheko. Nilipiga vizuri mara tatu. Kesho kutwa tunakutana naye tena. Msimu ukiisha nitakuja, Mama. Niombee.

Mwanao,
Matus

Mahanoy City, 10 Septemba

Mwanangu Matus,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu sijajibiwa. Mkuu wako pia nimemwandikia, kimya.

Kila Jumapili Juraj hununua gazeti lenye orodha ya wapigaji na nambari ya upigaji ya kila mmoja. Kiingereza sijui, ila jina letu nalijua. Jumapili ya kwanza baada ya barua yako lilikuwa juu kabisa, wapangaji wakanywa bia kwa afya yako. Ya pili, juu vilevile. Leo juu vilevile, wakaanza kuimba, nikawaambia nyamazeni. Walio chini yako nambari zao zinapanda na kushuka. Yako ni ileile, Jumapili tatu. Anayecheza nambari yake haitulii.

Matus, naogopa hadi mikono haikandi unga. Kama uko hospitali, nitajie mji tu, nitapanda treni. Kama huoni, mwombe mtu akuandikie. Hata neno moja.

Mamako