Ufa Nilioupaka Rangi

Shangazi yangu,

Hili sijamwambia mtu. Nilipokwangua rangi ya zamani ya baiskeli ya mashindano aliyotuachia babu, nijue ni ya aina gani, nilikuta ufa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele. Baba akaingia anaimba. Nikaogopa kumvunja moyo, nikaupaka rangi.

Sasa baiskeli inang'aa, na kesho baba anashindana nayo kwenye ule mteremko mkali. "Mama, umemfufua mzee!" aliniambia mimi bintiye mbele ya wenzake. "Kumbe Bubu wetu asiye na maneno ni fundi!" Hajawahi kunisifu hivyo. Nikaendelea kuipangusa.

Nasikia viatu vyake vinakuja. Nimeshaanza kuisukuma karatasi hii chini ya daftari. Hapana, naiacha mezani. Nikishindwa kusema, asome mwenyewe.

Mwanao,
Bubu