Koki Inayomngoja Abdulhamidi

S.L.P. 212,
Singida.
14 Novemba 1999.

Mpendwa kaka Abdulhamidi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe, wifi Radhia na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Huku jua bado kali, mawingu yanapita tu bila kubisha hodi.

Kaka, habari nilizonazo si njema, kaa chini kwanza. Baba ameanguka.

Unaijua desturi ya mtaa wetu. Maji huja siku yanapotaka yenyewe, kwa hiyo tunaacha bomba la ndani wazi na sufuria chini yake, mlio utuite. Ijumaa moja mwezi uliopita mlio ulimwita baba peke yake. Mimi nilikuwa sokoni na vitunguu vyangu, wanaume wako msikitini, na yeye miguu yake siku hizi haimfikishi huko.

Sufuria ikajaa. Lile bomba lilishavunjika kishikio, tunafungia kwa ile koki ya ukutani. Baba akaizungusha, ikawa inazunguka tu, haifungi. Sakafu ikajaa maji, akateleza. Mama Klara jirani ndiye aliyemkuta amelala majini. Badala ya kulia, baba akamwuliza kama koki imefunga.

Nyonga imevunjika. Hospitalini wametuambia kwa umri wake mfupa hautaunga, tumrudishe nyumbani. Sasa kifua nacho kimebana na chakula hataki. Sitakuficha, kaka. Baba anatuaga.

Nina hasira na wewe, na ni afadhali uisome hapa kuliko uisikie kwa watu. Mabomba yale ya plastiki uliyatandaza mwenyewe, na koki ukafunga za zamani zilizokwisha kutumika, maana enzi zile madukani hata sabuni ilikuwa ya kuvizia. Ukamwahidi baba kwamba vitu vikipatikana utarudi uzibadilishe kwa mkono wako. Vitu vimepatikana, kaka. Maduka yamejaa, koki zinatandazwa chini pamoja na mitumba.

Kila nilipotaka kuita fundi, baba alinijia juu. "Nyumba hii ina fundi wake! Unataka mwanangu akija akute kazi yake imeguswa na mtu?" Basi akawa anaifunga koki kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, anakungoja.

Alipokuwa wodini nikamwita fundi Gasto. Hakuhangaika kufunga maji ya mtaa, kwa sababu hayakuwepo. Mabomba yamekauka kwa miaka, kila alipokata karibu na koki yalipasuka, ikabidi arudi nyuma mpaka penye bomba zima. Akapiga msasa, akapaka gundi, akaunga koki mpya, akatukataza kuigusa mpaka kesho yake. Maji yalipokuja niliifunga mwenyewe kwa vidole viwili, hata tone halikudondoka. Nikakaa pale chini nikalia. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo vile!

Baba hajui. Pale alipolala haoni ukuta ule, na mimi nimeshindwa kumwambia. Kila asubuhi anauliza kama basi limeingia.

Kwa hiyo usitume kitu chochote. Njoo wewe, kabla mvua hazijafunga barabara ya Kusini. Ile koki mbovu nimeificha kabatini. Ukifika pitia mlango wa uani nikupe, kisha uingie kwa baba nayo mkono mmoja na spana mkono wa pili. Mwambie umeshaibadilisha. Nadhani hilo tu ndilo analolisubiri.

Msalimie sana wifi Radhia, na Ashrafu umwambie babu yake anamtaja. Anifa wangu anakuamkia. Mama Klara pia anakusalimu, ndiye anayenisaidia kumgeuza baba.

Mungu akufikishe salama, akufikishe baba angali anauliza.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa hasira hii,

Kuluthumu