Mutale hana kichwa ku picha ya jiwe

Siku ya ine ya wiki, mangaribi. Upepo wa ziwa umesimama tangu saa ya chakula, na joto limekaa ndani ya nyumba kama mugeni asiyeaga.

Niko naogopa. Niandike hivyo wazi, maana hapa hakuna mutu wa kunicheka.

Mutale, mutoto wangu wa kwanza, iko analala pembeni yangu na homa. Ni mutoto wa kulia hata kuku akipita. Leo amenyamaza siku nzima, na kule kunyamaza njo naogopa. Baba yake iko Chisenga ku kambi ya samaki, simu haimupati. Hajui kitu.

Wiki hii nilipata kazi kwa walimu wa mawe waliotoka Lusaka, ku université. Wanasoma mawe ya kukunjamana hapa kando ya ziwa. Mukubwa wao, Ba Mulenga, alinieleza polepole bila kunizarau. Zamani sana yalikuwa matope chini ya maji, yakafunikwa, yakapikwa na joto la chini, halafu dunia ikayasukuma toka huku na huku mpaka yakajikunja kama kitenge unachosukuma juu ya meza. Wanapima kila mukunjo na busole, ile dira ya mukononi, wanaandika umeinamia wapi. Kisha wanazunguka jiwe wakipiga picha nyingi, droni inapiga zingine toka juu, na ordinateur, kompyuta yao, inazishona zote zinakuwa jiwe moja la kugeuza na kidole ku tableti.

Mimi nashika fimbo yenye rangi nyeupe na nyekundu, ili picha ijue jiwe lina ukubwa gani. Napenda kazi hii. Nilianza hata kufikiri labda nitarudi masomo.

Juzi Mutale alitaka kunyonya. Nikakaa ku jiwe lenye mikunjo mizuri kuliko yote, fimbo bado mukononi. Ba Mulenga akasema nisihangaike kutoka, nitulie tu, yeye atazunguka. Nikatulia kama mutu wa studio.

Jana akanionyesha. Jiwe lilitoka vizuri sana. Mimi pia nilitoka, na maua ya kitenge changu. Lakini Mutale hakuwa na kichwa. Pale palikuwa rangi ya jiwe tu, imeyeyuka mpaka ku kifua changu.

Wote walicheka. Na mimi nikacheka.

Mangaribi mutoto akaanza kuchemka.

Mama mukwe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu kama nilipiga makofi kabla ya kukaa. Huku kuna mawe yenye ngulu, pepo za mahali, na wazee hawayakaribii bila kupiga makofi taratibu na kuweka unga mweupe. Mimi ni mutu wa kanisa, nimetoka ngambo ya Congo. Sikupiga. Mama mukwe akasema:

"Umekaa ku kiti cha mutu, mama Mutale, na hata hodi hukusema."

Akafunga unga ku kona ya kitenge, akaenda mwenyewe kuomba musamaha.

Leo asubui tulienda kliniki. Muuguzi akamuchoma kidole, na hata pale mutoto hakulia. Akasema ni malaria, akatupa dawa, akaniambia kama hanyonyi mpaka kesho nimurudishe mbio. Malaria naijua, hapa hakuna asiyeijua. Kichwa changu kiliitika. Lakini njiani niliendelea kuona ile picha.

Muchana Ba Mulenga akakuja, amesikia habari. Akakaa ku kigoda, tableti juu ya magoti, akanieleza kwamba mashini inashika tu kitu kilichotulia toka picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Mutale alikuwa anageuza kichwa kufuata droni. "Ilimukosa kwa sababu alikuwa anacheza, mama. Jiwe halichezi, njo maana tunalipata lote."

Alitaka kunituliza. Nikaangalia mutoto ku mukeka, ametulia vile, nikafikiri: leo ingemupata yote, kichwa na vidole.

Nikamuomba afute ile picha. Hakukasirika. Alisema akifuta, kazi yote ya jiwe lile inaenda, na kabla waanze upya mvua inaweza kupandisha ziwa juu yake. Nilijua ninachoomba. Nilijua na kazi yangu inaweza kwenda nayo.

"Mutoto wangu abaki huku nje ya jiwe, Ba Mulenga. Niko na huyu mumoja tu."

Akafuta. Kidole kimoja, jiwe likaenda, na mimi, na kitenge. Akapiga goti kuaga mama mukwe, akatoka. Kama kesho bado niko na kazi, sijui.

Sasa nimemupa dawa na kijiko. Mama mukwe amemupaka unga ku paji la uso. Pasteri amemuombea kwa simu. Mutoto akipona, sitauliza nani alimuponyesha. Nitawashukuru wote, wagombane wenyewe.

Sasa hivi nimemutia titi mu kinywa. Amevuta kidogo, ameacha. Sijui kama ananyonya ao anaota.

Mungu wangu, sikuombi mingi. Nipe asubui yenye kelele, mutoto huyu alie mpaka majirani wachoke.